Nililipia Jumamosi nane, nikapewa sita: kozi ya sheria ya biashara hapa Kisumu

Mimi ni fundi wa viti, soko la Kibuye. Natengeneza sofa, stuli na vitanda, na makabati nikibanwa. Nasema mapema ili mtu asinisome kama wakili. Ninachopima hapa ni kozi niliyoilipia kwa pesa yangu, shilingi 6,000, nikaacha kazi Jumamosi, na kila fundi wa Kibuye anajua Jumamosi ni siku ya kupiga vanishi na kumalizia, kwa sababu soko lenyewe ni Jumapili.

Kituo sikitaji jina. Tulikosana, tukamalizana, na nikiwaanika hapa baada ya kupatana nitakuwa mtu wa hovyo. Wenye kupita katikati ya mji wameliona bango.

Kilichonipeleka ni maji ya mvua. Mwaka jana mwezi wa nne mama mmoja, mwalimu huko Ahero, aliniagiza sofa ya watu saba kwa 58,000. Akalipa 30,000. Nilipomaliza nikaipiga picha, nikamtumia kwa WhatsApp. Akajibu: "Hiyo sasa ni yangu fundi, imetoka vizuri. Nakuja Ijumaa na pikapu." Alhamisi usiku mvua ikashuka kutoka ziwani, ile ya kufanya mabati yapige kelele mpaka hamsikilizani. Bati langu moja lilikuwa na tundu la msumari ambalo nilikuwa nimeliziba kwa karatasi ya nailoni. Asubuhi nikakuta viti vitatu vimekunywa maji, ukikalia sponji inalia kama chura. Mama hakutaka hadithi. Nilibadilisha sponji na kitambaa, 11,400 kutoka mfukoni mwangu, na faida yote ya kazi ile ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo nilikuwa naimba wimbo mmoja: ile sofa haikuwa yangu tena, aliandika mwenyewe "ni yangu". Mke wangu alichoka kuusikia. Kwa hiyo nilipoona bango limeandikwa mikataba, ununuzi na uuzaji, sheria kwa mfanyabiashara, Jumamosi 8 na chai, nilijiambia, hapa ndipo nitakapopewa haki yangu.

Mwalimu ni wakili, mama wa makamo, mzaliwa wa Mombasa ambaye amekaa Kisumu mpaka anatania watu kwa Dholuo. Nyota zote ninazotoa ni zake. Darasani tulikuwa 14: mama wa omena, kijana wa kutengeneza simu, wawili wa agroveti, mzee wa nafaka aliyekuwa anatoka Luanda kwa matatu ya saa kumi na mbili, na wengine. Hakutuita majina. Aliita "fundi", "mama omena", "mzee wa mahindi". Siku ya kwanza alituuliza nani kati yetu amewahi kufanya mkataba. Mikono mitatu. Akauliza nani amepanda tuktuk asubuhi hiyo. Mikono kumi na moja. Basi somo la kwanza likaisha kabla halijaanza, kwamba hata kupanda tuktuk ni mkataba: mmoja ametoa ombi, mwingine amelikubali, kila upande umetoa kitu, wote wawili wana umri na akili timamu, na wote walikusudia jambo la kushikana na si mzaha wa nyumbani. Mambo ya kawaida, lakini sikuwahi kuyaona yamepangwa hivyo.

Palinigusa pale pa bei. Mimi hubandika bei kwenye viti barabarani. Siku moja kijana wangu aliandika 18,000 badala ya 28,000, na jamaa mmoja wa Riat akaning'ang'ania kwamba bei ni hiyo, lazima nimuuzie. Nilimuuzia kwa 22,000 huku roho ikiniuma. Kumbe kitu kilichowekwa kwa maonyesho, hata kikiwa na bei, kwa kawaida ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayetoa ombi la kununua, na mwenye duka anaweza kulikataa. Kanuni hiyo imetoka kwa Waingereza, kuna kesi yao ya kisu kilichowekwa kwenye dirisha la duka mjini Bristol. Nikaanza kuchekelea. Mwalimu akaniona. "Fundi, usiifanye mtego. Ukibandika bei ya uongo makusudi ili watu wasimame, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakungoja."

Sofa ya Ahero niliitoa somo la tatu. Nilisimama nikaieleza yote, na picha nikaonyesha kwenye simu, na ujumbe wa mama. Mwalimu alisoma ujumbe mara mbili. Akasema Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inafuata kanuni moja: hasara humfuata mwenye mali, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Anayemiliki kitu siku kinapoharibika ndiye anayeumia, hata kama bado kiko kwa muuzaji. Na kitu cha kutengenezwa huwa mali ya mnunuzi kikishakamilika, kikatengwa kwa ajili yake, naye akaridhia. "Kwa hiyo kwa picha hii na jibu hili," akasema, "una hoja nzuri kwamba sofa ilikuwa yake."

Nilitaka kupiga makofi. Niliwatazama wenzangu kama mtu aliyeshinda kura.

"Lakini niambie, fundi, hiyo Alhamisi usiku nani alikuwa anailinda?"

"Mimi."

"Na tundu?"

Nikanyamaza. Akaeleza kwamba kifungu hichohicho kinachosema hasara humfuata mwenye mali kinasema pia hakimwondolei mtu aliyekaa na mali ya mwenzake wajibu wa kuitunza. "Mvua ni ya Mungu. Tundu la msumari ni lako." Darasa lilicheka mpaka mama omena akafuta machozi kwa leso. Mimi nilicheka baadaye, wakati wa chai, na si sana. Ile 11,400 niliyokuwa naidai mbingu na ardhi kwa mwaka mzima, kumbe niliilipa kihalali.

Lakini alinipa dawa. Kwa sababu sheria inaanza na "isipokuwa mmekubaliana vinginevyo", andika mnachokubaliana. Sasa risiti zangu zina mstari mmoja kwa mkono: kazi ikiisha ichukuliwe ndani ya siku 3, baada ya hapo gharama ya kuhifadhi ni ya mteja. Bati pia nililibadilisha, tafadhali.

Somo la mbao lilikuwa gumu kwangu kwa sababu nyingine. Sheria inasema ukiuza kitu kwa kukieleza, lazima kitu kilingane na maelezo. Ukisema saiprasi, iwe saiprasi. Sasa, wenzangu wa Kibuye watanisamehe. Mikono na miguu ya sofa, pale panapoonekana, huwa saiprasi safi. Ndani, chini ya sponji na gunia, mtu anaweza kukuta mkaratusi mbichi au vipande vya paleti. Mkaratusi mbichi ukikauka unajipinda, na baada ya mwaka kiti kinaanza kulia kila ukigeuka. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo kama uongo. Niliona ni ufundi wa kubana gharama. Mwalimu akaandika maneno mawili ubaoni, sharti na dhamana. Ukivunja sharti, mnunuzi anaweza kukurudishia kitu chenyewe na kudai pesa zake. Ukivunja dhamana, anabaki na kitu na kudai fidia tu. Kulingana na maelezo ni sharti. Mnunuzi akishakipokea kiti na kukikubali, kwa kawaida njia ya kukirudisha inafungwa, lakini fidia bado anaweza kuidai. "Kumbe ndiyo maana changu kinalia," mama omena akasema, akinitazama mimi, na mimi hata sijawahi kumuuzia.

Na kuna kile cha kufaa kwa kazi. Mteja akikueleza anakitaka kitu kwa kazi gani, na anategemea ujuzi wako, na wewe kuuza kitu hicho ndiyo biashara yako, basi kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Nilikuwa nimeuzia baa moja viti vya sebuleni nikijua ni baa. Nikaandika hilo pembeni ya daftari, nikapiga mstari chini.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kilichukua dakika kumi tu. Tulikuwa kwenye uuzaji kwa sampuli. Mwalimu alitoa kwenye mkoba kipande cha kitambaa cha viti, akanipa chini ya taa, akaniuliza rangi. Nikasema maruni. Akanipeleka dirishani. Pale juani kilikuwa kahawia, kahawia ya chai ya rangi, na ukikigeuza nyuzi za upande wa pili zinang'aa kijani. "Sasa mteja wako alichagua kipi?" Sheria inataka mzigo wote ulingane na sampuli, mnunuzi apewe nafasi ya kutosha ya kulinganisha, na kusiwe na kasoro iliyojificha ambayo mtu hangeiona kwa kuangalia kawaida. Wenye duka la vitambaa hukuonyesha kitabu cha sampuli, halafu roli inayokuja imetoka kwa rangi ya siku nyingine. Siku hizi mteja akichagua, nakata kipande cha upana wa viganja viwili, nakigawa kwa mkato mmoja wa makasi uliopinda makusudi, nusu naipiga stepla kwenye risiti yake, nusu kwenye nakala yangu. Kingo zikikutanishwa zinaingiana. Tangu hapo hakuna aliyeniambia "siyo hii niliyochagua".

Somo la maandishi na malipo ya kwanza lilizua kelele. Sura ya 31 inasema mauzo ya bidhaa ya shilingi 200 kwenda juu hayawezi kudaiwa mahakamani ila mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa kitu cha kufunga mapatano au sehemu ya bei, au pawe na maandishi yaliyotiwa sahihi na yule anayedaiwa. Mia mbili! Sheria ilianza kutumika 1931, na wakati huo 200 ilikuwa pesa. Leo haikununulii mita moja ya kitambaa. Kwa hiyo karibu kila kitu ninachouza kiko ndani ya kanuni hiyo. Kile "kitu cha kufunga mapatano" mwalimu alikiita arubuni. Sisi Kibuye tunasema dipoziti, na kijana wa simu akauliza kama arubuni na kurubuni ni ndugu. "Inategemea nani anaipokea," mwalimu akamjibu.

Hapo akatupa kesi ya meno, Uingereza, 1861. Mganga wa meno alimtengenezea mwanamke meno ya bandia kwa kipimo cha mdomo wake. Mwanamke akafa kabla ya kuvalishwa. Mganga akadai pesa kwa msimamizi wa mirathi, akisema amefanya kazi, ameuza ufundi. Mahakama ikasema hapana, mwisho wa kazi yako ni kitu cha kukabidhiwa mtu, basi ni uuzaji wa bidhaa, na maandishi yako hayatoshi. Akakosa. Niliiwaza kesi hiyo wiki nzima. Nina kitanda cha futi sita kwa sita na nusu kilichoagizwa kwa mdomo na mtu ambaye hakuja tena, hakuna dipoziti, hakuna karatasi, na kichwa chake kimechongwa herufi za majina ya wenyewe. Nani atanunua kitanda chenye herufi za ndoa ya mtu mwingine?

Sasa mabaya. Makaratasi ni kurasa 40 za Kiingereza, fotokopi ya fotokopi, ukurasa wa 17 umepotea kwa wote. Kesi karibu zote ni za Uingereza. Najua sheria yetu ilitoka huko, lakini mzee wa mahindi aliuliza mara tatu kama hakuna mtu wa Kenya aliyewahi kushtakiana juu ya gunia. Chumba kina joto la kuoka mkate. Chai ipo, mandazi yaliishia Jumamosi ya pili. Na viti! Mimi ni fundi, siwezi kunyamaza: viti vya plastiki vyenye miguu inayofunguka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Kituo kinachofundisha ubora wa bidhaa.

Kosa kubwa lilikuja Jumamosi ya sita. Kijana wa ofisi aliingia akatutangazia kwamba tumemaliza, vyeti wiki ijayo. Tukatazamana. Bango lilisema nane. Kijana hakutikisika. "Bango ni mwaliko tu, si ndivyo mlivyofundishwa?" Tulicheka wote, lazima nikiri lilikuwa jibu zuri. Mimi nikaja na kesi ya Carlill, ile ya kampuni ya London iliyotangaza mwaka 1891 kwamba itampa pauni 100 atakayeshikwa na mafua makali baada ya kutumia kipuliza chao cha dawa ya puani kama walivyoelekeza, na kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haitanii. Mama Carlill akatumia, akaugua, akadai, akashinda. Tangazo lililo wazi kiasi hicho ni ombi la kweli, si mwaliko. Nikaanza kuhutubia.

Mwalimu alikuwa mlangoni na mkoba begani. "Fundi, achana na Carlill. Toa risiti."

Na risiti nilikuwa nayo. Siku ya kulipa hawakunipa chochote, nikadai, wakaniandikia "Karo 6,000". Kwa sababu ya machungu ya Ahero nikawaambia waandike ni karo ya nini. Wakaongeza kwa kalamu: "kozi, Jumamosi 8". Nikaiweka mezani. Kijana aliisoma, akaenda chumba cha ndani, akarudi na mkubwa wake.

Mwalimu, ambaye hakuwa upande wa mtu, alitueleza palepale kama somo. Masomo si bidhaa, kwa hiyo Sura ya 31 haituhusu. Huu ni mkataba wa huduma, na Sheria ya 2012 inawagusa pia watoa huduma. Tukienda mahakamani, jaji hawezi kumlazimisha mtu afundishe, tutapewa pesa. Mkubwa akasema atarudisha 1,500 kwa kila mtu, ambayo ni hesabu sahihi ya Jumamosi mbili. Watano walichukua. Tisa tukasema tunataka masomo. Akakubali, akaandika, akatia sahihi. Kwa hilo nampa heshima, wengine wangetuzungusha mpaka Krismasi.

Na zile mbili za nyongeza ndizo zilizonilipa. Ya kwanza ilikuwa madeni. Kuna baa moja, ileile ya viti vya sebuleni, iliyokuwa bado na 18,000 yangu, baki ya deni la tangu 2016. Mwalimu alisema dai la mkataba linakufa baada ya miaka 6. Moyo ukashuka. Halafu akaniuliza, "Alikulipa mara ya mwisho lini, hata kidogo?" Nikapekua taarifa za M-Pesa: shilingi 2,000, Desemba 2019. "Basi saa ilianza upya siku hiyo." Tulikuwa Julai 2025. Nilikuwa na miezi mitano. Niliandika barua ya madai kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nikaambatisha taarifa ya M-Pesa, nikampelekea mwenyewe mkononi. Aliisoma amesimama nyuma ya kaunta, akaniuliza nani ameniandikia. Kabla mwezi haujaisha alilipa 7,000. Zimebaki 11,000, na safari hii ametia sahihi kwamba anazidaiwa.

Ya pili ilikuwa Mahakama ya Madai Madogo: madai mpaka shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Tulijaza fomu za mazoezi. Pia alitukagua vitabu vya risiti. Changu kilikuwa na ule mstari wetu wa kila duka, "Bidhaa zikiuzwa hazirudishwi." Akaniambia kwa mteja wa kawaida mstari huo hauwezi kufuta haki anazopewa na sheria kuhusu ubora, chini ya Sheria ya 2012 ni maneno matupu. Nimebaki na vitabu vinne vilivyochapishwa hivyo. Naufuta kwa kalamu, risiti moja moja.

Nyota 4. Ya tano ni mandazi, viti na ukurasa wa 17. Wanaanza tena Januari, bei bado ni 6,000 na unaweza kulipa mara mbili. Nenda na maji ya kunywa na keti upande wa dirisha. Ukilipa, usitoke ofisini mpaka risiti iseme ni Jumamosi ngapi.